Ukatili wa Nyumbani Unapofika Mahakamani: Unachoweza Kuomba na Namna ya Kukiomba

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Anaishi na mumewe na watoto wawili katika chumba na sebule huko Gerezani. Usiku wa Jumamosi amepigwa, mkono umevimba, na fedha za mtaji alizokuwa amezihifadhi kibubuni zimechukuliwa. Jumatatu anakwenda polisi. Jumanne anakwenda hospitali. Alhamisi anafika ofisi ya serikali ya mtaa. Baada ya wiki mbili anaketi mbele ya baraza la usuluhishi, na miezi kadhaa baadaye anasimama mbele ya hakimu. Kila mahali anasimulia upya yaliyompata, na kila mahali anapokewa na mtumishi anayeifanya kazi yake. Hata hivyo, kila usiku kati ya siku hizo mama huyo amerudi kulala katika chumba kilekile, pamoja na mtu yuleyule.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini njia anayopitia mama huyu ndiyo njia yenyewe. Makala haya yanaeleza namna Mahakama, hasa mahakama maalumu za familia, zinavyoweza kumlinda mtu wa namna hiyo, mahali ulinzi huo unapokatika, na yale ambayo wewe mwananchi unaweza kuyaomba ili usikatike. Tunatumia neno “mama” kwa sababu wanawake ndio wengi katika mashauri haya. Lakini sheria tutakazozitaja humlinda pia mwanamume anayedhulumiwa na mkewe.

Jambo hili si la nyumba moja

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2005 utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Jijini Dar es Salaam, kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mwenzi, 41 walieleza kuwa wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi wao. Wilayani Mbeya idadi ilikuwa 56. Muongo mmoja baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wameonja ukatili wa mwilini tangu walipofikisha miaka 15.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hiyo yatufaa kwa ugomvi wa maneno kati ya watu walio sawa. Haikusudiwi kwa nyumba ambamo mmoja hupiga na mwingine hupigwa. Huko inayofaa ni ile isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Sheria inasema nini

Watu wengi bado wanaamini kwamba mume anayo haki ya “kumrudi” mkewe kwa kipigo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kulijibu jambo hilo zaidi ya nusu karne iliyopita. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 107 kinautaja ukatili, wa mwili au wa akili, uliofanywa kwa mwenzi au kwa watoto, kuwa miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Kipigo pia ni jinai. Kanuni ya Adhabu inaadhibu shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili na kujeruhi, na hakuna mahali inapomsamehe mshambuliaji kwa sababu aliyeshambuliwa ni mke au mume wake. Sheria ya Ushahidi nayo inamruhusu mwenzi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake pale kosa lilipofanywa dhidi ya mwili wake au mali yake. Anayeambiwa kwamba “mke hawezi kumshuhudia mumewe” ameelezwa nusu ya sheria.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo liko jambo jingine. Ukatili hauishii kwenye ngumi. Kumnyang'anya mtu mtaji wake, kumzuia asifungue meza yake, au kuuza mzigo wake bila ridhaa ni njia nyingine ya kumfunga. Sheria ya Ndoa inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na inasema kwamba ndoa peke yake haihamishi mali ya mtu kwenda kwa mwenzi wake. Inakataza pia kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika katika kugawana mali zilizochumwa wakati wa ndoa. Kwa hiyo, aliyekaa nyumbani akapika na kulea hatoki mikono mitupu kwa sababu tu hati haina jina lake.

Wasiofunga ndoa rasmi nao hawakusahauliwa. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulika kwa jamii kuwa mume na mke, hudhaniwa kisheria kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikikanushwa, mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine.

Kituo cha Temeke na maana yake kwa mkazi wa Kariakoo

Tarehe 6 Oktoba 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi sita vya Utoaji Haki: Arusha, Dodoma, Mwanza, Morogoro, Kinondoni na Temeke. Vile vitano hupokea mashauri ya kila aina. Kile cha Temeke kilitengwa kwa ajili ya mashauri ya familia, yaani mirathi na ndoa. Ndani ya jengo moja zimo ngazi mbalimbali za Mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, na wadau wengine wa haki, wakiwemo wa ustawi wa jamii na msaada wa kisheria, wamepewa nafasi ya kuhudumia hapohapo.

Faida yake ni kubwa. Hakimu anayesikiliza mashauri ya ndoa kila siku huzijua sheria zake na hila zake. Mwananchi hahangaiki kati ya Kisutu, Kinyerezi na Temeke akitafuta mlango. Lugha nayo imekuwa yetu: marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Lakini ni lazima kueleweka kile ambacho kituo hicho hakifanyi. Hicho ni kituo cha mashauri ya madai ya kifamilia. Kesi ya jinai ya kumpiga mke au mume hufunguliwa kwingine, kupitia polisi, na husikilizwa na mahakama yenye mamlaka ya jinai mahali kosa lilipotendeka. Mama yetu wa Mtaa wa Kongo anaweza basi kuwa na shauri la ndoa Temeke na kesi ya shambulio katika mahakama nyingine, kwa tarehe tofauti, mbele ya mahakimu wawili ambao kila mmoja anaijua nusu ya habari. Hakimu wa jinai anaweza kumpa mtuhumiwa dhamana bila kujua kwamba Temeke kuna ombi la zuio. Hakimu wa Temeke anaweza kupanga usuluhishi bila kujua kwamba mmoja wa wasuluhishwa alivunjwa mkono na mwenzake. Kosa hapa ni la mpangilio, na mpaka urekebishwe, anayeweza kuziunganisha nusu hizo mbili ni mlalamikaji mwenyewe akisaidiwa na wakili au msaidizi wa kisheria. Mpe kila hakimu nakala ya kilichoandikwa kwa mwenzake.

Milango minne na cha kuomba katika kila mmoja

*Polisi.* Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya yalianza kuundwa mwaka 2008 ili mlalamikaji asikilizwe faraghani na askari aliyefundwa kwa kazi hiyo. Hakikisha malalamiko yako yameandikwa na umepewa namba ya RB pamoja na fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Huduma hizi hazilipiwi. Ukiambiwa “rudini nyumbani mkayamalize,” jibu kwa adabu kwamba unaomba maelezo yako yaandikwe kwanza. Usuluhishi unaweza kungoja. Kumbukumbu ya siku ya kipigo haingoji.

*Hospitali.* Ukiwa na hali mbaya, nenda hospitali kwanza. Uhai hutangulia karatasi. Mweleze daktari ukweli wa kilichokuumiza. Wengi husema “nilianguka bafuni,” na maneno hayo huandikwa, kisha miezi sita baadaye husomwa mahakamani kuwa utetezi wa mshtakiwa. Baadhi ya hospitali, Amana ya Ilala ikiwemo, zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo tiba, ushauri nasaha, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

*Baraza la usuluhishi la ndoa.* Sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza katika baraza, la kata au la kidini, kabla ya kuomba talaka mahakamani. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hati hiyo inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ikikaa kabatini mwaka mzima, utalazimika kuanza upya.

*Mahakama.* Hapa ndipo penye maombi mengi yasiyojulikana, nayo tunayaeleza katika sehemu inayofuata.

Maombi matano usiyotakiwa kuyasahau

Watu wengi hudhani kwamba mahakama ya ndoa ina majibu mawili tu, talaka au kurudiana, na kwamba majibu hayo huja mwishoni. Sivyo. Yapo maombi yanayoweza kutolewa uamuzi wakati shauri linaendelea. Hayaji yenyewe, mtu lazima ayaombe.

1. *Amri ya kutosumbuliwa.* Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo, wakati shauri la ndoa likiendelea na hata baada ya kutengana au talaka, kumwamuru mtu asijilazimishe kwa mwenzi wake na aache vitendo vya kumsumbua. Eleza wazi unataka akae mbali na wapi: nyumbani, kwenye meza yako ya biashara, na shuleni kwa watoto. Amri ikitolewa, omba nakala iliyogongwa mhuri na upeleke moja kituo cha polisi cha eneo lako.

2. *Masharti ya dhamana.* Katika kesi ya jinai, dhamana ni haki ya mshtakiwa kwa makosa mengi, na si busara kuipinga bila sababu. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuweka masharti, likiwemo la kumkataza mshtakiwa kufika mahali fulani au kuonana na watu fulani. Mweleze mwendesha mashtaka, kabla ya siku ya kwanza ya kesi, kwamba mnaishi chumba kimoja na unaogopa. Kama kesi iko Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa kawaida mlalamikaji ndiye anayesimama na kesi yake, mweleze hakimu mwenyewe.

3. *Matunzo ya muda.* Mwenzi anaweza kuamriwa kutoa matunzo ya mke na watoto hata kabla ya hukumu. Wengi hurudi kwa mpigaji kwa sababu ya kodi ya chumba na ada ya shule. Ombi hili ndilo linalowawezesha kukaa mbali naye.

4. *Uangalizi wa muda wa watoto.* Maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria ina dhana, inayoweza kukanushwa, kwamba ni vema akae na mama. Mtoto aliyeshuhudia kipigo ameumizwa pia. Mweleze afisa ustawi wa jamii alichokiona.

5. *Kuzuia mali isihamishwe.* Ukisikia kwamba nyumba, kiwanja au mzigo unatafutiwa mnunuzi, omba zuio mapema. Kurejesha mali iliyokwisha kuuzwa ni kazi ngumu kuliko kuizuia isiuzwe.

Tunaongeza jambo moja ambalo wengi hawaelezwi. Kifungu cha 101, kile kinachodai upite baraza kwanza, kinazungumzia maombi ya talaka. Pia kina mwanya: mahakama ikiridhika kwamba yapo mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane, inaweza kuruhusu shauri liendelee bila hati. Mtu anayehofia maisha yake anaweza kuijenga hoja hiyo kwa PF3, RB na mashahidi. Vilevile, asiyetaka talaka, au asiyeruhusiwa na dini yake, anaweza kuomba amri ya kutengana. Zungumza na mwanasheria ni ipi kati ya njia hizi inakufaa.

Suluhu ni dawa lini, na ni hatari lini

Usuluhishi ni sehemu ya utamaduni wetu na ya sheria zetu. Hata katika kesi ya jinai, mahakama inaruhusiwa kuhimiza suluhu kwa shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Hatuupuuzi. Watu wengi waliogombana juu ya fedha za matumizi au ndugu wa mume wameketi kwa mzee mmoja na wakaondoka wakiwa wamepatana.

Lakini suluhu inahitaji watu wawili wanaoweza kusema wanachokitaka bila hofu. Anayejua kwamba neno moja la kweli barazani litalipiwa usiku hasuluhishwi, ananyamazishwa. Sheria yenyewe imeweka mpaka: suluhu ya kesi ya jinai hairuhusiwi kwa kosa kubwa, wala kwa shambulio lililofanyika katika hali iliyolizidisha uzito. Kipigo kilichorudiwa, silaha, tishio la kuua, kukabwa shingo, au kupigwa mjamzito ni dalili kwamba hatari imepanda ngazi. Mjumbe wa baraza, mwenyekiti wa mtaa na kiongozi wa dini anayesoma kijitabu hiki anaombwa jambo moja: kabla hujawakalisha pamoja, zungumza na kila mmoja peke yake, umwulize kama anaogopa. Akisema anaogopa, mpe hati aende mahakamani, wala usimtake arudi “mara ya mwisho.”

Nawe unayesikilizwa, unayo haki ya kukataa kukaa meza moja naye. Sema: “Ninaomba tusikilizwe mmoja mmoja.” Ombi hilo ni halali, na aliyeliomba hajamvunjia mtu heshima.

Wenzetu wamefanya nini

Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani. Ulinzi wetu umegawanyika kati ya Sheria ya Ndoa, Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tokeo moja la mgawanyiko huo ni kwamba amri ya kutosumbuliwa chini ya Sheria ya Ndoa hufuata shauri la ndoa. Asiyetaka kutengana wala talaka, bali anataka tu kipigo kikome, hana mlango wa moja kwa moja wa kuiomba.

Uganda ilitunga Sheria ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2010. Kenya ilitunga Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2015. Chini ya sheria ya Kenya, anayedhulumiwa, au mtu mwingine kwa niaba yake, anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kufungua shauri la talaka, na kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai. Mwaka 2022 Mahakama ya Kenya ilifungua huko Shanzu, Mombasa, mahakama maalumu ya kwanza ya mashauri ya ukatili wa kijinsia. Kwetu, Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji mwaka 2021.

Hatua hizi mbili ni tofauti na zinahitajiana. Sheria humpa mtu jambo la kuomba, na mahakama maalumu humpa mtu aliyezoea kulisikiliza ombi hilo. Temeke tunayo mahakama ya familia. Lililobaki ni kuifanya iuone ukatili tangu dirisha la usajili.

Mahakama maalumu iliyo bora hupimwaje

Jina juu ya lango halitoshi. Mwananchi anaweza kuipima huduma kwa maswali haya, na anaweza kuyapeleka kama maoni yake:

– Je, karani anayesajili shauri la ndoa humwuliza mlalamikaji, faraghani, kama kuna kipigo au tishio?

– Je, maombi ya dharura hupangiwa tarehe ya karibu, au husubiri foleni pamoja na mashauri ya mirathi?

– Je, mlalamikaji na mlalamikiwa wanaweza kusubiri mahali tofauti, na kuondoka kwa nyakati tofauti? Vitisho vingi hutolewa kwenye ukumbi wa kusubiria na kituo cha daladala.

– Je, hakimu huuliza kama kuna kesi ya jinai kati ya watu haohao, na kuagiza nakala yake?

– Je, amri huandikwa kwa maneno mepesi, hukabidhiwa siku hiyohiyo, na polisi hujulishwa?

– Je, shauri huahirishwa kwa sababu ya maana? Mahakama yenyewe imejiwekea lengo la kumaliza shauri ndani ya miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo na miezi 12 katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi. Kila ahirisho ni siku moja zaidi ambayo mfanyabiashara mdogo hakufungua meza yake, na mashauri mengine huishia hapo, kwa mlalamikaji kuchoka.

Maboresho kama haya hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji swali moja kwenye fomu, karatasi moja inayovuka kutoka ofisi hadi ofisi, na kiti kimoja kilichowekwa mbali na kingine. Usiporidhika na huduma, mwone hakimu mfawidhi wa mahakama husika. Kwa malalamiko yanayohusu haki na utawala, ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Jiandae hivi

Weka bahasha moja, si nyumbani bali kwa mtu unayemwamini au mahali pa kazi. Ndani yake weka nakala za:

– kitambulisho chako, cheti cha ndoa kama kipo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto;

– PF3, karatasi za hospitali na namba ya RB;

– picha za majeraha na ujumbe wa simu wenye vitisho, vikiwa na tarehe;

– mkataba wa pango, risiti za mzigo, leseni na taarifa za miamala ya simu zinazoonyesha mtaji wako;

– majina ya majirani waliosikia au kuona, na siku waliyosikia.

Badilisha namba ya siri ya simu na ya akaunti yako ya fedha. Kubaliana na jirani mmoja neno la ishara atakalolijua kuwa ni mwito wa msaada. Hatari ikiwa mlangoni, piga 112 kuita polisi. Namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto na kupata msaada.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Jijini zipo taasisi kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC). Ukienda mahakamani, mwulize pia karani kuhusu msamaha wa ada. Na siku hukumu inaposomwa, uliza palepale una siku ngapi za kukata rufaa, uandike tarehe ya mwisho.

Neno la mwisho

Turudi kwa mama yetu. Tuseme safari hii askari wa Dawati amemwuliza atalala wapi, daktari ameandika kilichomuumiza, na baraza limemsikiliza peke yake na kumpa hati bila kumzungusha. Kisha Temeke amepewa amri inayotaja kwa jina chumba chake na meza yake ya Mtaa wa Kongo, na nakala ya amri hiyo iko polisi. Sheria iliyotumika ni ileile ya mwaka 1971. Kilichobadilika ni kwamba kila mlango ulijua mama huyu ametoka mlango gani.

Ukienda katika ofisi yoyote kati ya hizo, anza na sentensi moja kabla ya maelezo mengine yote: “Ninaogopa kurudi nyumbani leo.” Omba iandikwe.